Ukichomoa kipanya, kompyuta inakusahau

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo nimerudi na jambo ambalo wengine wenu mtaliona dogo mno la kuandikia makala: kipanya. Naam, kile kidude cha mezani ambacho wengine wetu tulifundishwa kukiita puku. Hata mimi nilikiona kidogo, mpaka kikaniaibisha mbele ya mtu mzima.

Kuna mama ana saiba ndogo Likoni, ng'ambo ya feri. Kompyuta nne, printa moja, mashine ya kutoa kopi na benchi la wateja. Kazi zake mnazijua: kuwajazia watu fomu za iTax, kuwaombea vyeti kwenye eCitizen, kuchapa barua za kuomba kazi, kuskani vitambulisho. Kutwa nzima mkono hautoki kwenye kipanya. Mwaka juzi kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kumuuma, na daktari akamwambia aupumzishe. Akaamua kujifunza kutumia mkono wa kushoto.

Zile kompyuta zake ni kuukuu, na mimi ndiye niliyeziwekea Linux. Mbili kati yake zina RAM ya GB 2 tu, kwa hiyo nilizipa mazingira mepesi kabisa: msimamizi wa madirisha, menyu, kivinjari na LibreOffice. Basi. Zile programu za mipangilio zinazokuja na mazingira makubwa sikuziweka, nikijidai nabana matumizi. Ndipo akaniita.

"Mwanangu, hebu nigeuzie hivi vitufe. Nataka kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho kibofye."

Kazi ya dakika mbili hiyo. Ukishika kipanya kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada huangukia kitufe cha kulia, kwa hiyo unaiambia kompyuta ibadilishane vitufe viwili hivyo. Nikaandika mstari mmoja:

xinput set-prop "USB Optical Mouse" "libinput Left Handed Enabled" 1

Nikautia kwenye skripti inayoendeshwa kila anapoingia kwenye mashine. Nikazima, nikawasha, vitufe vikakaa nilivyovitaka. Nikanywa chai yake, nikavuka feri kurudi mjini nikijiona fundi.

Miezi mitatu baadaye nikapita kumsalimia. Nikakuta kipanya kiko mkono wa kulia, na kifundo kimefungwa bandeji.

"Shikamoo mama. Mbona umerudia mkono wa kulia?"

"Marahaba mwanangu. Kile kitu chako kina akili zake. Asubuhi kinakubali, mchana kinakataa. Nikamlipa kijana mmoja shilingi mia tano aje atoe virusi. Akasema ametoa, kesho yake kikarudi vile vile. Nikaona basi, ni mimi tu sijui kutumia mkono wa kushoto."

Someni tena hiyo sentensi yake ya mwisho. Mtu ana maumivu, amejitahidi kujifunza upya jambo alilolifanya kwa miaka mingi, kisha programu yangu ikamfanya aamini kwamba kasoro ni yake. Shilingi mia tano zimekwenda. Kifundo kimerudi kuuma. Na mimi niliyesababisha nilikuwa mjini, sijui lolote, maana watu hawapigi simu kulalamika. Hujilaumu, halafu huacha.

Kilichotokea kweli

Hakukuwa na virusi. Meza yake ni nyembamba, waya wa kipanya unapita ukingoni, tundu la USB limelegea kwa uzee, na kila mteja anayesogeza kiti karibu aone jina lake limeandikwaje anaugusa. Kipanya kinazimika. Mama anakichomeka tena, kinawaka, kishale kinatembea. Ila vitufe vimerudi kama vilivyotoka kiwandani. Anabofya kwa kidole cha shahada kuchagua tarehe ya kuzaliwa ya mteja, inafunguka menyu ya kitufe cha kulia. Anabofya tena, menyu nyingine. Mteja anamtazama. Foleni inamtazama.

Akizima na kuwasha mashine, skripti yangu inaendeshwa na kila kitu kinakaa sawa. Ndiyo maana asubuhi kilikubali na mchana kikakataa.

Kwa nini kompyuta inasahau? Unapochomeka kipanya cha USB, kompyuta hukipa anwani ya muda, namba kati ya 1 na 127. Kisha hukiuliza maswali. Nani alikutengeneza? Wewe ni bidhaa namba ngapi? Je, una namba yako ya pekee, ya kukutofautisha na ndugu zako waliotoka kiwanda kimoja? Maswali mawili ya kwanza lazima yajibiwe. Kwa mfano, kipanya cha Logitech hujitambulisha kwa namba 046d. Swali la tatu vipanya vingi huliacha bila jibu, kwa sababu kanuni za USB hazimlazimishi mtengenezaji kuweka namba hiyo. Kwa hiyo kompyuta inaijua aina ya kipanya, lakini haina njia ya kujua kwa hakika kwamba hiki ndicho kile kile kilichokuwa hapa dakika moja iliyopita.

Baada ya hapo kiini cha Linux hutengeneza faili la kifaa ndani ya /dev/input, na huduma iitwayo udev hutangaza kwamba kuna mgeni. Seva ya X, ambayo ndiyo inayosimamia skrini, kibodi na kipanya, husikia tangazo hilo na kumfungulia mgeni ukurasa. Ile amri yangu ya xinput iliandika kwenye ukurasa huo, na ukurasa wenyewe uko kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, si kwenye diski. Kipanya kikichomoka, seva huchana ukurasa mzima. Kikirudi, hufungua mwingine mweupe. Hata kama kitapewa namba ile ile kilichokuwa nayo mwanzo, ukurasa ni mpya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipanya cha mama kimekaa juu ya meza ile miaka miwili, lakini kila kikichomekwa kinakaribishwa kama mgeni wa siku ya kwanza.

Zamani kilikuwa hakisahau

Sasa sikilizeni kichekesho. Linux ya zamani haikuwa na ugonjwa huu. Kabla ya mwaka 2007 seva ya X haikuwa na habari za vifaa kuja na kuondoka. Ulikuwa ukiandika kwenye faili la xorg.conf kwamba kipanya kinapatikana /dev/input/mice, basi. Hilo ni faili ambalo kiini hukusanyia mienendo ya vipanya vyote. Ungechomoa kipanya cha USB na kuchomeka kingine, seva isingejua, kwa sababu kwake yeye kipanya hakikuwahi kuondoka. Mipangilio ikabaki palepale.

Bei ya utulivu huo ilikuwa kwamba seva haikuweza kutofautisha vipanya viwili. Chochote ulichopanga kiliwahusu wote. Toleo la 1.4 la seva ya X, mwaka 2007, ndilo lililoleta uwezo wa kupokea vifaa vikiwa vinakuja na kuondoka, na toleo la 1.7 la mwaka 2009 likaleta hata uwezo wa kuwa na vishale viwili kwenye skrini moja. Hayo ni maendeleo makubwa na sina ugomvi nayo. Lakini tangu hapo kila kifaa kina maisha yake, kinazaliwa na kufa, na mipangilio yako inazikwa nacho kama hakuna aliyepewa kazi ya kuikumbuka.

Wenye umri wangu mtakumbuka lile tundu la duara la rangi ya kijani la PS/2. Lile halikuundwa kwa kuchomoa na kuchomeka mashine ikiwa inafanya kazi. Kipanya kikichomoka ulikuwa huna budi kuwasha upya. Ilikuwa kero, lakini kero ya wazi: ama kipanya kipo, ama hakipo. USB ilituletea hali ya tatu, ambapo kipanya kipo na kinafanya kazi, ila si kama ulivyokitaka.

Makosa yangu matatu

Nitayaeleza yote matatu kwa sababu najua kuna fundi anayesoma hapa ambaye kesho atayarudia.

La kwanza ni ile skripti ya kuingia. Chaguo la mama nililihifadhi vizuri kwenye diski, halikupotea hata siku moja. Kosa lilikuwa wakati wa kulitekeleza. Skripti yangu ilikuwa inamngoja mtu aingie, wakati ilipaswa kukingoja kifaa kiingie. Hayo ni matukio mawili tofauti. Mtu huingia mara moja kwa siku, kifaa huingia mara kumi.

La pili, siku ile ile niliyomkuta na bandeji, nilikimbilia udev. Nikaandika kanuni kwamba kipanya kikichomekwa, endesha amri ile ya xinput. Ikashindwa. Udev huendesha amri zake kwa jina la mkuu wa mfumo, si kwa jina la mama, na haina habari za skrini ya mtu yeyote. Na hata ukiielekeza kwenye skrini, mara nyingi amri hukimbia kabla seva ya X haijamaliza kumfungulia mgeni ukurasa wake. Unakuta amri inalalamika kwamba kifaa hakipo, na wewe unakiona kwa macho yako.

La tatu, kwa uchovu, nikaandika mzunguko unaorudia amri ile kila baada ya sekunde 5. Ulifanya kazi. Lakini fikirieni sekunde hizo tano mbele ya foleni: vitufe vimegeuka, kisha vinajigeuza tena katikati ya kubofya. Ni afadhali hitilafu ya siku nzima, maana ile angalau mtu anaizoea.

Dawa yenyewe ilikuwepo tangu mwaka 2010, seva ya X ilipofika toleo la 1.8, na ni mistari sita tu. Unatengeneza faili /etc/X11/xorg.conf.d/90-kipanya.conf, unaandika:

Section "InputClass"
    Identifier "kipanya cha mama"
    MatchIsPointer "on"
    Driver "libinput"
    Option "LeftHanded" "on"
EndSection

Unawasha upya mara moja, umemaliza. Sasa kila kipanya kinachochomekwa, seva hukilinganisha na maelezo haya kabla ya kukikabidhi kwa mtumiaji. Hakuna skripti, hakuna mzunguko, hakuna sekunde tano. Tuliichomoa na kuichomeka mara kumi na mbili mfululizo, mama akihesabu kwa sauti, na kila mara kidole cha shahada kilibofya.

Angalizo: faili hili linawahusu watu wote wa mashine hiyo. Kwa meza yake mwenyewe ni sawa. Kwa mashine za wateja nisingeliweka.

Kama unatumia GNOME, huna haja ya haya yote. Amri hii inatosha, na mazingira yenyewe hukumbuka kuitekeleza kila kipanya kinaporudi:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse left-handed true

Na kama umeshahamia Wayland, usihangaike na xinput hata kidogo. Huko msimamizi wa skrini mwenyewe ndiye anayepokea habari za kifaa kipya kutoka libinput, na ndiye mwenye wajibu wa kukipa mipangilio yako. Skripti za zamani za xinput huko hazikusaidii, hata kama hazitoi kosa.

Mipangilio ni ya nani?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Tatizo hili wengi hulichukulia kama hitilafu ya kiufundi, mimi nadhani ni swali la umiliki. Ukiweka mpangilio, unauweka kwa ajili ya nani? Kwa ajili yako, au kifaa, au tundu lililoko nyuma ya kasha?

Mifumo inajibu kila mmoja kivyake. Windows huhifadhi ubadilishanaji wa vitufe na kasi ya kishale kwenye sajili, upande wa mtumiaji. Badilisha kipanya mara mia, vitufe vitabaki ulivyovitaka. Lakini kuna ule mpangilio wa zamani uitwao FlipFlopWheel, ambao watu huutumia kugeuza mwelekeo wa gurudumu. Huo hukaa upande wa kifaa. Na kwa kuwa vipanya vingi havina namba ya pekee, Windows huvitambua kwa tundu vilipochomekwa. Hamisha kipanya kile kile tundu la pili, gurudumu linarudi lilivyokuwa. Mpangilio umekuwa mali ya tundu!

KDE nayo huhifadhi kwa kila kifaa, ikitumia namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa na jina. Ni kumbukumbu nzuri, kipanya kikirudi kinatambulika. Lakini kipanya cha saiba hakidumu. Kikifa, mama atavuka feri kwenda kununua kingine cha bei nafuu, cha mtengenezaji mwingine. Kwa hesabu ya vifaa, hicho ni kigeni kabisa. Kwa hesabu ya mama, mkono wake ni ule ule.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tuache kuiita yote mipangilio ya kipanya kana kwamba ni fungu moja. Iko ya aina mbili.

Ya kwanza ni mipangilio ya mwili wa mtu. Mkono anaotumia, muda anaohitaji kati ya mibofyo miwili, mwelekeo wa gurudumu aliouzoea. Mtu mwenye mikono inayotetemeka anahitaji mibofyo ya taratibu hata ukimpa kipanya cha dhahabu. Mipangilio hii lazima imfuate mtu, na itumike kwa kipanya chochote kitakachochomekwa, kiwe cha jana au cha leo.

Ya pili ni mipangilio ya kifaa. Kasi ya kishale ni mfano wake. Kipanya cha DPI 800 na cha DPI 1600 havifanani: ukisogeza sentimita moja, cha pili hutoa hesabu maradufu. Ukikipa cha pili kasi uliyoichagua kwa cha kwanza, kishale kitaruka kama panzi. Hii ni haki ikumbukwe kwa kila kifaa. Vipo hata vipanya vyenye kumbukumbu ndani yake, ambavyo huhifadhi DPI vyenyewe, ukavipeleka kompyuta yoyote vikaenda na mipangilio yao.

Na tundu la USB? Tundu halina haki ya kumiliki chochote. Hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akasema, "leo nataka kutumia mkono wa kushoto, lakini kwenye tundu la juu tu."

Najua kuna mwenzangu atakayesema, "Si ungemkazia mama waya tu, mambo yakaisha?" Waya tuliukaza, siku hiyo hiyo, kwa kamba ya plastiki. Lakini hiyo haijibu hoja. Vipanya vya Bluetooth hulala vyenyewe vikiachwa kwa muda ili kuokoa betri, na vikiamka vinaunganishwa upya, hivyo kwa seva ya X ni kifaa kipya kila mara. Hakuna waya wa kukaza hapo. Stima ikipotea na kurudi kwenye kitovu cha USB chenye umeme wake, vifaa vyote vilivyo juu yake huondoka na kurudi kwa pamoja. Na ugonjwa huu si wa vipanya peke yake: kibodi uliyoipangia herufi kwa setxkbmap ukiichomoa na kuirudisha, herufi nazo hurudi za mwanzo kwa sababu ile ile. Kuchomoka ni sehemu ya maisha ya kifaa. Programu isiyokutarajia haijakamilika.

Mwingine atasema Linux inakupa uhuru, na mwenye uhuru ajisomee mwongozo. Mwongozo nimeusoma, na mnaona makosa niliyoyafanya hata hivyo. Mama wa Likoni asome nini? Yeye hakujua kama kuna seva ya X. Alijua tu kwamba aliomba jambo, akakubaliwa, kisha akanyang'anywa bila kuambiwa. Kama mfumo ungemkatalia tangu mwanzo, angetafuta njia nyingine. Uliposema "sawa" halafu ukasahau, ulimfundisha kujishuku.

Kwa wenzangu waandishi wa programu

Nina maombi matatu, wala si makubwa.

Kwanza, ukihifadhi chaguo la mtu, jiulize maswali mawili, si moja. La kuhifadhiwa wapi sote tunalijua. La pili hulisahau: litatekelezwa lini? Jibu likiwa "programu inapoanza" peke yake, una hitilafu, hata kama hujaiona bado. XInput 2 ina tukio la kukuarifu kifaa kikiongezeka au kupungua. Libinput inalo, Windows inalo. Lisikilize, na utekeleze upya.

Pili, ongezeni jaribio moja kwenye orodha yenu. Kabla hujasema umemaliza, chomoa kifaa, hesabu mpaka tatu, kichomeke. Kisha kihamishe tundu. Kisha leta kingine cha aina tofauti. Majaribio matatu, dakika moja. Laiti ningefanya la kwanza tu siku ile, mama asingelipa mia tano.

Tatu, chaguo likishindwa kutekelezwa, semeni. Skripti yangu ya udev ilikuwa inashindwa kimya, na kosa likaandikwa kwenye faili ambalo hakuna binadamu hufungua. Kimya cha programu kina gharama, na anayeilipa si aliyeiandika.

Na kwa wewe usiye mwanaprogramu: siku kipanya chako au kibodi yako ikibadilika tabia ghafla, kabla hujamwita mtu wa virusi, jiulize kama kuna kitu kilichomoka. Ondoka kwenye akaunti yako, ingia tena. Kikirudi sawa, huna virusi na huna ujinga. Una programu inayosahau. Mwambie aliyekuwekea, mwambie bila kuona haya. Mimi ningeshukuru kuambiwa siku ya pili, badala ya kujionea mwenyewe mwezi wa tatu.

Wiki iliyopita nilivuka tena. Kipanya kiko kushoto, na kifundo cha kulia hakina bandeji. Nikamuuliza mashine inaendeleaje. Akaniangalia kama niliyeuliza swali la ajabu.

"Mashine? Mashine haina neno."

Nikatoa mia tano nimrudishie ile ya virusi. Akaikataa, kisha akanitoza shilingi kumi za kopi niliyokuwa nimemwomba. Nikalipa.